Sahani za Baba Kichanjani

Ninafundisha Kiswahili darasa la tano katika shule moja ya msingi huku Kiruruma, na kila mwaka kuna wiki moja ambayo naimaliza nikiwa nimekauka koo. Ni wiki ya ukanushi. Watoto wangu nyumbani kwao wanaongea Kinyambo, wengine Kinyarwanda, Kiswahili wanakikuta shuleni. Kwa hiyo naandika ubaoni "osha", chini yake naandika "usioshe", naizungushia duara ile "usi" kwa chaki nyekundu na kuwaambia: hapa ndipo jambo lote lilipo. Ukiimeza hii, umeagiza kinyume cha ulichotaka. Nimesema hivyo miaka mingi. Sikujua kwamba atakayenithibitishia somo langu ni mama yangu mzazi, akiwa na beseni na mche wa sabuni.

Mama anaishi Mabira, wilaya ya Kyerwa, kwenye kibanja alichoachiwa na baba: nyumba ya bati katikati ya migomba, na mibuni chini ya migomba hiyo. Baba alikuwa Mnyambo wa pale pale. Mama aliletwa akiwa msichana tayari na wazazi wake kutoka Burundi, wakawa vibarua wa kupalilia mashamba ya watu, na alipokutana na baba hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Walichumbiana kwa Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Ndoa ilipofungwa Kiswahili kikabaki ndani ya nyumba, na majirani waliona tunaringa.

Baba hakuwa mnywaji. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, aliionja harusini tu, tena kwa kukunja uso. Ulevi wake ulikuwa santuri. Kila msimu wa kahawa, akishauza kahawa yake ya maganda, yaani iliyokaushwa bila kukobolewa, alirudi nyumbani na santuri moja aliyoifunga ndani ya shati. Nyingine alizitoa Bukoba, nyingine alivuka Murongo kuzifuata Uganda, na nyingine alizinunua kwa mwenye baa aliyekuwa anafunga biashara. Zilikuwa rumba za Kongo, nyimbo za Kiganda, kwaya, na taarabu mbili tatu ambazo hatukuelewa zinamsema nani. Nyumbani hatukuziita santuri. Tuliziita sahani, sahani za baba, na kinanda chake cha kuzipigia kilikuwa sanduku la mbao lenye kifuniko, la kutumia betri.

Lakini asiyejua angedhani ni za mama. Baba alikuwa na mkono mzito, akishika ule mkono wa sindano unateleza na kukwaruza, kwa hiyo yeye alinunua na mama alipiga. Mama hajui kusoma. Baba aliagiza akiwa amekaa kwenye kiti chake, "Weka ile ya Kiganda ya pili," naye mama alinyoosha mkono akaitoa ile ile, bila kukosea. Baba alipofariki, miaka minne sasa, alizifungia zote kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nilidhani ni majonzi. Kumbe alikuwa ameshaanza kutozisikia.

Masikio yake yalizibika polepole, nami nilichelewa kujua kwa sababu alikuwa na ujanja wake. Kila ulichomwambia alijibu, "Nimesikia." Umwambie mbuzi wa jirani wameingia kwenye maharage, anasema "Nimesikia" na wala hasogei. Mara nikaona ni uzee, mara nikaona ni kiburi, na mimi sina subira, nilikuwa namkasirikia waziwazi. Kilichonifumbua macho kilitokea kanisani. Mama aliimba kwaya ya kina mama tangu nikiwa mtoto. Jumapili moja nikiwa likizo, kwaya ilimaliza wimbo ikanyamaza, mama akaendelea peke yake, ubeti mzima, macho ameyafumba. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Alipofumbua macho akaona wanavyomtazama, alikaa chini taratibu. Kuanzia siku hiyo alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, mdomo ameufunga, na iliniuma mpaka nikashindwa kula mchana.

Nilimpeleka hospitali. Daktari wa masikio alikuwa na kichuma chenye panda mbili. Alikigonga kikalia, akakisogeza karibu na sikio la mama, mama akatikisa kichwa kwamba hakuna kitu. Akakigusisha kwenye mfupa nyuma ya sikio, mama akashtuka, kisha akatabasamu. "Ndani bado kuzima kabisa," daktari akasema, akimaanisha ni kuzuri. "Sauti haifiki tu. Akipata kifaa atasikia." Kifaa kingeagizwa Mwanza, na bei yake haikuwa ya mwalimu anayesomesha watoto wawili.

Njiani kurudi mama alitaka kujua daktari kasemaje. Nilimpazia sauti sikioni kabisa mpaka watu wakageuka.

"Uza sahani," akasema.

"Za baba?"

"Za baba. Nakaa nazo za nini wakati hazinifikii? Mimi nataka kusikia."

Mimi nisingethubutu kulitamka hilo. Alilitamka yeye, huku akirekebisha kitenge chake.

Nilizipiga picha moja moja, karatasi zake za katikati zionekane vizuri, na mwalimu mwenzangu akanisaidia kuzituma kwenye kundi la simu la wapenzi wa muziki wa zamani. Baada ya siku chache akanipigia mzee mmoja wa Kampala mwenye duka la nyimbo za kale. Yeye aliongea Kinyankole, mimi nikamjibu kwa Kinyambo, tukaelewana kama watu wa mtaa mmoja. Alizitaka zote. Bei aliyotaja ingetosha kifaa pamoja na nauli zetu, ila alikuwa na sharti lake, na alilirudia mara tatu. Nisizioshe. Vumbi halimsumbui, ataliondoa mwenyewe. Maji na jua ndivyo vinavyoziua santuri.

Ilikuwa Jumatano, nami nilikuwa na mitihani ya kusahihisha kabla ya shule kufungwa Ijumaa. Nikampigia mama. Simu yake ya vitufe huiweka kifuani ili itetemeke aisikie mwilini, maana mlio wake hauna faida kwake. Akipokea huibana sikioni, nami hupaza sauti mpaka yamfikie maneno machache.

"Shikamoo mama. Usizioshe sahani za baba. Mnunuzi hataki ziguswe na maji wala jua. Nakuja Jumamosi."

"Marahaba. Nimesikia."

Siku hizo nilikuwa nimeshajifunza, sikuiamini "Nimesikia" yake. Nikamwuliza, "Umesikia nini?"

"Sahani za baba," akasema. "Maji. Jua. Jumamosi."

Maneno yote manne yalikuwa sahihi. Nikampa vema kama ninavyowapa wanafunzi wangu, nikarudi kwenye mitihani yangu.

Jumamosi mchana nilishuka kwenye bodaboda pale penye njia ya kuingia kwetu. Kabla sijamlipa dereva niliona kitu cheusi kinang'aa nyuma ya nyumba. Kila mji huku una kichanja cha vyombo, meza ya miti ya kuanikia sufuria na sahani zikishaoshwa. Kichanja chetu kilikuwa kimejaa. Hakukuwa na sufuria hata moja. Sahani za baba zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, nyingine zimesimamishwa kati ya vijiti, nyingine zimelazwa kifudifudi, zote zikipigwa na jua la saa saba. Zile zilizolazwa zilikuwa zimeanza kushuka kingo katikati ya miti. Na mama alikuwa amekaa kwenye kigoda na beseni mbele yake, mikono ina povu hadi kwenye viwiko, amefurahi.

"Umekuja wakati mzuri," akasema. "Zimebaki hizi nne."

Nilimpigia mama yangu kelele. Nayasema haya kwa sababu sitaki kujifanya mtu mwema. Nilimpigia kelele ambazo jirani alizisikia akatoka, na mama, ambaye ndiye niliyekuwa namfokea, aliona tu mdomo wangu unavyokwenda. Alinitazama kwa makini ajue kosa liko wapi. Kisha akachukua santuri moja, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hazijatakata?" akauliza.

Nikaichukua santuri iliyokuwa imekunjika kuliko zote, ilikuwa na shimo kama bakuli, nikamwonyesha. Nikaitikisa ikayumbayumba. Alielewa mara moja, kwa sababu amezishika maisha yake yote.

"Ulisema nizioshe," akasema, sauti imepungua.

"Nilisema usizioshe."

"Zioshe."

"U-si," nikamwambia, nikivuta midomo yangu kama niko mbele ya darasa. "U-si-zi-o-she."

Alifuatisha midomo yangu kwa midomo yake. Akatikisa kichwa. "Hiyo ya mwanzo haikufika," akasema.

Tulizihamishia ndani. Nusu yake karatasi za katikati zilikuwa zimebanduka kwenye maji. Mama hakuzitupa, alikuwa amezitandaza kwenye ungo na kuziwekea kijiwe kila moja zisipeperuke, akiamini nitazirudisha. Nikakaa sakafuni nikalia. Nililia kwa sababu ya kifaa, si kwa sababu ya muziki. Niliona mama yangu akikaa benchi la mwisho hadi mwisho wa siku zake kwa sababu ya silabi mbili, na kisa chenyewe ni kwamba nilifanya uvivu wa kusubiri nije nimwambie ana kwa ana.

Mama alilala mapema siku ile. Asubuhi nilimkuta ameamka kabla yangu, ameishika ile iliyokunjika kama bakuli, anaipapasa.

"Jani la mgomba," akaniambia.

"Limefanyaje?"

"Ukitaka kufungia ndizi, ukilikunja likiwa bichi linapasuka. Ukilibabua kidogo motoni linalegea, linakubali unavyotaka. Hii nayo jua limeilegeza ikaanguka vibaya. Tuilegeze tena, safari hii ianguke vizuri."

Nilitaka kumwambia kwamba santuri si jani. Halafu nikajiuliza mimi mwalimu nina wazo gani bora, nikaona sina. Alikwishaanza kutoa vyombo kwenye kabati la sebuleni, lile la vioo viwili vya kusukuma ambalo baba alilinunua kwa fahari kubwa. Tulivichomoa vioo. Tukailaza santuri katikati, kioo chini kioo juu, tukaitoa nje juani, mama akachuchumaa pembeni akiiangalia kama anavyoangalia maziwa yasifurike. Ilipoanza kulala alinipa ishara, tukaibeba na vioo vyake taratibu mpaka ndani penye ubaridi. Juu yake tukaweka mbao, na juu ya mbao gunia la kahawa ya maganda ambalo lilikuwa halijauzwa.

Kesho yake tuliinua gunia. Santuri ilikuwa imelala. Si kama zamani, ukingo mmoja ulikuwa na wimbi dogo, lakini imelala. Mama aliniangalia, akainua nyingine.

Nilimpigia mzee wa Kampala nikamweleza yote, beseni, sabuni, kichanja. Wazo la kunyamaza na kuzichomeka mbovu katikati ya nzima lilinijia, sikatai, lakini nilijua atazifungua moja moja.

"Zilizonyooka nitachukua," akasema. "Zisizonyooka sitaki. Lakini kila moja iwe na karatasi yake sahihi. Santuri nisiyoijua siwezi kumuuzia mtu."

Wiki mbili za mwanzo za likizo zikawa ni hiyo kazi. Jua likiwepo tulinyoosha, mvua ikinyesha tulitafuta majina. Nilinunua betri, nikafuta vumbi kwenye kinanda, na kwa mshangao wangu kikazunguka. Nikaweka ya kwanza isiyo na karatasi. Wimbo ukaanza, mtu akaimba kwa Kilingala, na mimi nikawa sijui ni nani wala anasema nini. Nilikulia ndani ya nyimbo hizo lakini nilikuwa mtoto, nilikuwa nacheza nje. Aliyezijua ni mmoja tu, naye alikuwa amekaa mbele yangu anatazama santuri inavyozunguka, hasikii.

Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Akatikisa kichwa. Akaweka kiganja juu ya sanduku la mbao, akakiacha pale kidogo. Sijui kama alikikumbuka kile kichuma cha daktari au ni mwili wake uliomwongoza, lakini alipiga magoti, akainama, akaubandika ule mfupa wa nyuma ya sikio kwenye ubavu wa kinanda. Akafumba macho.

"Hii," akasema, "karatasi yake ni ya kijani. Ina pembe mbili zimepishana."

Nikatafuta kwenye ungo. Ya kijani ilikuwepo, na pembe zake mbili.

Tulikwenda hivyo siku baada ya siku. Mimi naweka, yeye anainama. "Ya Kiganda, nyekundu, imechanika kidogo juu, baba yako aliichana akitafuta bei." "Hii kwaya, nyeupe tupu, herufi nyeusi." "Geuza upande wa pili, huu unadanganya." Mara mbili tu alisita, na kati ya hizo moja aliifikiria usiku kucha akaipatia asubuhi. Karatasi nilizibandika kwa uji mzito wa muhogo, kidole changu cha shahada kikawa kigumu kwa gundi.

Siku ya tatu au ya nne alianza kuimba. Alikuwa amepiga magoti na shavu kwenye mbao, na sauti ikamtoka ile ile ya kwaya, ya chini, yenye kokoto kidogo. Nikaogopa mwisho. Nilikumbuka ile Jumapili, nikawa naangalia sindano inavyokaribia katikati, namuomba Mungu asiaibike hata mbele yangu mimi mwenyewe. Wimbo ukaisha. Mama naye akaishia pale pale, kwenye silabi ile ile. Akafumbua macho akanikuta natokwa na machozi, akaniuliza kama kuna nyingine iliyokunjika. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu baba afariki.

Siku ya kufunga mzigo, mama aliitenga santuri moja, yenye karatasi ya zambarau. Ilikuwa nzima kabisa, haikukunjika hata kidogo.

"Hii haiendi," akasema.

Niliijua. Baba aliinunua kwa makosa; mfuko wa nje ulikuwa wa rumba, ndani kulikuwa na mtu anayeimba kwa sauti nyembamba na zeze moja. Kila ilipopigwa baba alilalamika mwanzo hadi mwisho. "Huyu anaumwa. Mbona hawakumpeleka hospitali kwanza?" Na kila Jumapili aliagiza ipigwe, alalamike tena.

"Mama, zipo nzuri zaidi ya hii. Chukua ile ya Kilingala."

"Nzuri wachukue wao," akasema. "Kwenye hii namsikia yeye."

Mzigo aliufunga mwenyewe. Sijaona mtu anafunga kama mama. Kila santuri ndani ya gazeti, halafu tabaka la majani makavu ya migomba aliyoyalainisha kwa mikono, halafu santuri nyingine, hadi maboksi mawili yakajaa, akayakaza kwa kamba za migomba zenye mafundo mazuri kiasi kwamba dereva wa bodaboda aliniuliza kama ni mahari. Akanipeleka hadi Murongo kwa mwendo wa kubembeleza, kwenye kila shimo akiomba radhi kwa maboksi.

Mpakani nilijaza fomu. Penye aina ya bidhaa mkono wangu uliandika ulichozoea: sahani. Ofisa akasoma, akanitazama.

"Sahani za udongo au za plastiki?"

"Za muziki," nikasema.

Akaomba nifungue. Alipoona santuri alitabasamu, lakini alipoona majani tabasamu likaondoka. Aliniambia kwa upole kwamba majani ya migomba hayavuki, mabichi wala makavu, kwa sababu ya mnyauko. Sikubishana. Nimeona vibanja vya watu Mabira vikikatwa mgomba hadi mgomba kwa ugonjwa huo, na mama mwenyewe huchovya panga lake kwenye dawa kabla ya kulihamisha shina moja hadi lingine. Ofisa alikuwa sahihi kabisa. Nilichosikitikia ni zile saa mbili za mikono ya mama, ambazo ziliteketezwa kwenye shimo la taka huku nikiangalia.

Jirani na pale kuna wauza mitumba. Nilinunua fungu zima la masweta ya watoto, mekundu, ya buluu, mengine yana vitufe vya umbo la samaki, nikakaa chini nikazivalisha santuri moja moja. Wafanyabiashara walisimama kunitazama. Mama mmoja alinisaidia, akaniuliza watoto wenyewe wako wapi.

Mzee wa Kampala alikuwa amekuja mwenyewe, ananisubiri upande wa pili wa daraja. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko sauti yake. Alizitoa kwenye masweta, akaziinua usawa wa jicho moja baada ya nyingine, tisa akaziweka pembeni. Kisha akainusa moja.

"Ni sabuni gani?"

"Ya mche," nikasema, nikijiandaa kwa lolote.

"Santuri ninazonunua zote zinanuka panya," akasema. "Hizi tu ndizo zinanuka usafi."

Halafu akaniuliza ile ya zambarau iko wapi. Aliiona kwenye picha. Akaniambia kwa uwazi kwamba katika zote hiyo ndiyo aliyokuwa anaitafuta, watu wanaoijua ni wachache na wanaoitaka wanalipa vizuri. Nikimletea, atanipa bei yetu ile ile ya mwanzo, na zile tisa atazisahau. Nisipoileta, atalipia alizochukua.

Nilitembea hatua chache hadi penye kingo za daraja nikayatazama maji. Nilihesabu haraka, bila ile ya zambarau pesa hazifikii kifaa. Nikatamani kumpigia mama, nikaona ni ujinga. Ningempigia simu mtu asiyesikia kumwuliza kama anataka kusikia. Tena jibu alishanipa, sikuwa na sababu ya kumwuliza mara ya pili ili anipe jingine.

"Haiuzwi," nikamwambia. "Ni ya mama. Baba alikuwa anailalamikia."

Hakuelewa, nikamweleza. Alisikiliza akitikisa kichwa, akanilipa kwa simu pale pale, na masweta akaomba abaki nayo kwa ajili ya wajukuu. Tukaagana vizuri.

Nyumbani nilimwambia mama kwamba pesa za kifaa zimepungua kidogo. Hakuuliza kwa nini. Alitazama pembeni, pale kwenye vioo vya kabati vilivyokuwa bado havijarudishwa, akanionyesha gunia la kahawa lililokuwa juu yake.

"Na hilo nalo lipeleke," akasema. "Limeshamaliza kazi."

Gunia liliziba pengo.

Kifaa kilifika baada ya wiki moja, kidogo kama punje tatu za maharage. Daktari alimfundisha kukivaa, akampa siku za kukizoea. Siku za mwanzo alilalamika kwamba kuku wana kelele na bati lina kelele, na kwamba hakujua mimi nina mluzi puani. Kisha shule zikafunguliwa, nikarudi Kiruruma. Jumapili ya kwanza baada ya ibada nilijizuia hadi saa nane, nikashindwa, nikampigia.

Alipopokea, nyuma yake nilisikia zeze, na ile sauti nyembamba ya mtu anayeumwa.

"Shikamoo mama," nikasema kwa sauti kubwa, sauti yangu ya miaka yote. "Usizioshe sahani!"

Nikasikia anapunguza kinanda.

"U-si-zi-o-she," akasema taratibu, akizionja silabi moja moja. "Safari hii imefika yote."

Nikacheka.

"Leo nimeimba na wenzangu," akaendelea. "Wamenirudisha mstari wa mbele. Na wewe usinipigie kelele, nimesikia."